Maji ya Mikono ya Mwalimu

Simu ililia nikiwa nimeshika dumu la maziwa, na namba ilikuwa ngeni. Nikapokea tu, kwa sababu mume wangu alikuwa Liboi, mpakani, na mifugo, na mtu wa Liboi hukupigia kwa simu yoyote aliyoomba. Lakini haikuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, Kiswahili chake kimenyooka, cha watu wa mbali.

"Habari ya asubuhi, mama? Mimi ni mwalimu mpya wa gredi ya nne. Nakupigia kuhusu msichana wako."

Nikakaa chini. Shule haimpigii mzazi bure. Miaka yote niliyopeleka watoto shule walikuwa wamenipigia mara mbili. Mara ya kwanza kijana wangu mkubwa alikuwa ameanguka kutoka ukutani akavunjika mkono. Mara ya pili ilikuwa kutuambia tuje tuchukue watoto haraka, kuna maneno ya usalama mjini, na nilikimbia nikiwa na kiatu kimoja. Sisi wa huku tunajua simu inaweza kubeba nini. Kwa hiyo kabla mwalimu hajaongeza neno, mimi nilikuwa nimeanza kusoma Inna lillahi moyoni, nikaishia nusu. Niliogopa kumaliza. Nilihisi nikimaliza nitakuwa nimemzika.

"Ako hai?" nikauliza.

Akacheka. "Ako hai, mama! Ako sawa kabisa. Nimeanza kupigia wazazi wote, kila mtu namwambia kitu kizuri cha mtoto wake. Wewe ndiye wa kwanza."

Simu yangu iliwahi kuanguka ndani ya maziwa, na tangu siku hiyo haisikiki ukiiweka sikioni, sauti hutoka kwa spika tu. Sisi wauza maziwa ya ngamia tunakaa sokoni mstari mmoja, dumu kwa dumu. Wote walikuwa wanasikiliza.

"Msichana wako ana akili ajabu," mwalimu akasema. "Sijaona mtoto kama huyu. Jana alisoma hadithi mbele ya darasa, ukurasa mzima, hakukwama hata mara moja. Na sauti yake! Hata darasa la jirani walinyamaza wakamsikiliza. Hakuna wa kumfikia hapa."

Nilikuwa nangoja aseme lile neno. Masha Allah, basi. Kwetu hata mtoto wa miaka mitatu akiona mbuzi amenona hulisema, kwa sababu sifa bila jina la Mungu ni mlango umeachwa wazi, na jicho baya linaingia. Jicho ni kweli, tumefundishwa hivyo, na linampeleka mtu kaburini. Mwalimu akamaliza, akasema siku njema, akakata. Hakulisema.

Mwanamke anayekaa karibu nami, tumeuza pamoja miaka kumi na ulimi wake haujawahi kupumzika, akageuka.

"Walaal, dada, huyo mwalimu amekuchinjia mtoto bila kisu. Na hata bismillahi hakusema."

"Nyamaza wewe."

"Mimi nitanyamaza. Jicho ndilo halinyamazi."

Wengine wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha, vile walivyoacha.

Siku ya tatu binti yangu alirudi kutoka shule akiwa moto kama sufuria. Hakutaka chai, hakutaka anjera. Kesho yake shingo ikavimba chini ya taya, na akifungua mdomo kuniita hakuna kilichotoka. Ile sauti yenyewe. Si mguu, si tumbo. Mwalimu alikuwa ameitaja sauti, na sauti ndiyo iliyokwenda.

Nilimbeba mpaka zahanati. Daktari akamulika koo, akasema ni tezi zimeshika usaha, akatupatia dawa ya maji ya kumpa mara tatu kwa siku. Nilimshukuru. Dawa nilimpa, na kila kijiko nilianza na Bismillahi. Lakini mama wa mume wangu, tunayeishi naye na ambaye nyumba nzima tunamwita ayeeyo, yaani bibi, hakuiangalia hata hiyo chupa.

"Dawa itatoa usaha," akasema. "Jicho itatoa nani?"

Nani alimwambia? Soko lilimwambia. Garissa ni mji mkubwa siku hizi, lakini maneno bado yanatembea kwa miguu na yanafika kabla yako.

"Haendi tena kwa darasa ile," ayeeyo akasema. "Akipata nguvu, gari ya Balambala inamchukua. Akae huko kijijini kwa shangazi yake, asome dugsi, achunge mbuzi. Mbuzi hazimsifu mtu."

Nikampigia mume wangu. Akasema, "Fanya vile mama anasema," na nyuma yake nikasikia ngamia wakilia, na simu ikakatika.

Lazima niseme kwa nini niliogopa Balambala zaidi ya homa, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Mimi sina ubaya na dugsi, madrasa yetu, Kurani ndiyo taa ya nyumba yangu. Lakini mimi nimesoma gumbaru, shule ya watu wazima. Nilianza nikiwa na watoto wanne, baada ya Maghrib, kwa shule hiyo hiyo, kwa darasa hilo hilo, dawati la watoto limenibana magoti. Nilikuwa na miaka thelathini na sita siku niliyosoma jina langu mwenyewe. Kabla ya hapo kila karatasi iliyokuja nyumbani kwangu nilikuwa natafuta mtu wa kunisomea, na aliyenisomea ndiye aliyejua siri yangu kwanza. Nilikuwa nimemwapia huyu binti, akiwa bado mgongoni, kwamba yeye hatatafuta mtu. Na watoto wa kike wanaoenda kwa shangazi "mpaka apone" nawajua. Wamepona zamani. Bado wako huko.

"Ayeeyo," nikamwambia, "nipe siku tatu."

"Za nini?"

"Nitaleta maji."

Akaniangalia. "Kutoka kwake?"

"Kutoka kwake."

Maji ni hivi. Mtu ambaye jicho lake limempata mgonjwa, ananawa, na yale maji aliyonawia anamwagiwa mgonjwa. Ndiyo njia tuliyofundishwa, haina hirizi wala mganga ndani yake. Mtu wa kwetu ukimwambia, ananawa na kuomba msamaha, mnakunywa chai, imekwisha. Lakini huyu hakuwa mtu wa kwetu. Hakuwa Mwislamu. Ningemwambiaje?

Na kulikuwa na hofu nyingine, ya mji mzima. Huyu alikuwa mwalimu wa tatu wa darasa hilo kwa mwaka mmoja. Wa kwanza alimaliza muhula akaomba uhamisho. Wa pili alikaa wiki tatu, akasema anaenda kumwona mamake, halafu akatuma mtu aje kuchukua godoro lake. Walimu wa mbali wanatuogopa. Siwalaumu, na sisi wenyewe tunaogopa, sembuse mgeni. Nikimwambia huyu mdomo wake umemwangusha mtoto, akiondoka, watoto arobaini watakaa wakiangalia ubao mtupu, na binti yangu hata akiponywa atarudi kwa nani?

Basi shetani akanionyesha njia nzuri. Mgeni akija kula, ni adabu kumwagilia maji mikononi. Nitamwalika, nitamnawisha kwa birika, maji yataanguka kwenye beseni, nitayaweka pembeni, na yeye hatajua kitu. Chakula chake atakula, heshima yake itabaki, na mimi nitapata maji yangu. Nilifurahia hiyo akili yangu siku nzima. Nilipokwenda kuswali Isha ndipo ikaanza kunichoma. Kumwibia mgeni akiwa mkononi mwangu? Nikajiambia ni maji tu.

Nikamwandikia meseji, mimi mwenyewe, kidole kimoja, na kufuta mara nyingi. *Mwalimu karibu nyumbani Alhamisi baada ya Asri. Mtoto ni mgonjwa. Tutakula pamoja.*

Akajibu haraka. *Asante sana mama. Nitakuja.*

Baada ya muda mfupi ikaingia nyingine, maneno mawili tu. *Ni salama?*

Nilikaa na hiyo meseji. Maneno mawili, na mimi niliyajua yote mawili. Nikaandika, *Ni salama inshallah*, nikawa namwambia njoo bila hofu, na nyuma ya mlango nimemwekea beseni.

Alhamisi alikuja na bajaji. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Amefunga kitambaa kichwani vile mtu hufunga kwa mara ya kwanza, nywele zinatoka nyuma, na amekumbatia mkoba kifuani kwa mikono miwili. Alimwambia wa bajaji amngoje. Nikasikia hiyo injini nje ya ua, haikuzimwa.

"Karibu, mwalimu."

"Asante, mama. Mtoto ako wapi?"

Binti yangu alikuwa kwa godoro karibu na ukuta. Alipomwona mwalimu wake alivuta shuka mpaka puani, akabakisha macho, na macho yalikuwa yanacheka. Mwalimu akainama, akamgusa paji la uso. Ayeeyo, pale kwenye mkeka wake, akavuta pumzi nikaisikia. Nikamnong'oneza kwa Kisomali, "Ngoja."

Nikaweka sinia ya wali na nyama. Nikaleta birika na beseni. Mwalimu akanyoosha mikono.

Kucha zake zilikuwa na chaki. Maji yakapita juu ya vidole yakawa meupe kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na nikaona ile mikono inatetemeka. Nilidhani ni birika linatetemeka. Nikalisimamisha birika. Mikono yake iliendelea. Alikuwa ameangalia mlango, na masikio yake yako kwa injini ya bajaji. Huyu mtoto wa mtu alikuwa amekuja nyumbani kwangu akiwa na hofu kushinda yangu, na alikuja kwa sababu nilimwandikia ni salama.

Nilikuwa nimeswali Asri si zamani. Paji langu la uso bado lilikuwa na alama ya mkeka.

"Mwalimu," nikasema, "nisamehe. Haya maji nilitaka kukuibia."

Akaniangalia. Nikamweleza. Kiswahili changu kikakimbia, nikakirudisha, nikaeleza tena. Simu, sifa, lile neno ambalo hakulisema, koo, maji. Nilipofika kwa maji alivuta mikono kutoka kwa beseni kama imeungua.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Unaniita mchawi?"

"Hapana!"

"Nani mwingine anajua?"

Nilitaka kusema hakuna. Ulimi ulikataa. "Soko," nikasema.

Akasimama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwa vidole vyake kwenye mkeka. "Kwetu mwanamke akiitwa hivyo hangoji jioni. Shangazi yangu walimchomea nyumba. Mimi nilikuwa darasa la sita, nilimwona akitoka." Akachukua mkoba.

Hapo ndipo nilielewa nimefanya nini. Nilikuwa nimeogopa ataudhika. Sikujua nimemwekea kifo mbele yake kwenye beseni la kunawia mikono. Kwake hayo maneno mawili, jicho na uchawi, yalikuwa nyumba moja.

Sikumshika. Nilisogea nikaacha mlango wazi kabisa, ili aone njia.

"Mlango huo," nikasema. "Bajaji yako iko. Lakini nisikilize kidogo tu. Jicho si uchawi. Mchawi anataka. Mwenye jicho hataki, hata hajui. Mama anaweza kumpiga mtoto wake na jicho, akimpenda sana na akasahau Mungu. Ni kusahau tu, mwalimu. Hakuna mtu hapa anachomewa nyumba kwa kusahau."

Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mguu mmoja nje.

Na pale, sijui kwa nini, ikatoka ile ambayo sikuwa nimemwambia hata Mungu vizuri. "Na pengine si jicho lako. Pengine ni langu. Ulipopiga, watu wote walisikia. Ningeweza kuamka niende kando na simu. Nilikaa. Nilitaka wasikie. Kila neno lako nililimeza kama asali, na mimi mwenyewe sikusema Masha Allah. Nilikungoja wewe useme, na mimi mamake sikusema."

"Anasema nini huyu?" ayeeyo akauliza kutoka mkekani. "Mbona amesimama? Mbona unalia?"

Nikamwambia yote kwa Kisomali. Shangazi, nyumba iliyochomwa, na hilo langu la soko. Nje injini ilikuwa inaunguruma. Halafu ayeeyo akajivuta mpaka ukingo wa mkeka na kunyoosha mikono yake, mikavu kama kuni.

"Leta birika hapa."

"Ayeeyo?"

"Leta, nimesema. Mwambie siku ya Idi nilimwona huyu msichana kwa nguo ya kijani. Nikasema ni mzuri kuliko mama yake alivyowahi kuwa. Sikuongeza kitu." Akasugua vidole, maji yakaingia kwa beseni lile lile lenye chaki. "Na ilikuwa kweli, mwambie hivyo pia."

Nikamwambia mwalimu. Hata hiyo ya mwisho, nikiwa na aibu. Mwalimu akatoa kitu kama kicheko na kikohozi pamoja.

Nikanawa mimi. Tukawa wawili tumenyoosha mikono yenye maji, bibi na mimi, na mwalimu bado yuko mlangoni.

Kutoka kwa godoro tukasikia kitu kama mlango mkavu unafunguliwa. Ilikuwa binti yangu, siku ya tatu bila neno.

"Madam," akanong'ona kwa ile sauti iliyochanika. "Ni Masha Allah tu. Ni rahisi."

Mwalimu alimwangalia. Akaenda nje. Nikajua godoro lake litachukuliwa na mtu kesho. Nikasikia anasema na wa bajaji. Injini ikalia kwa nguvu, ikaondoka, ikapotea upande wa barabara kubwa. Na yeye akarudi ndani, akavua viatu mara ya pili, akakaa na kunyoosha mikono juu ya beseni.

"Niseme lini?" akauliza. "Sasa?"

"Sasa."

Akalisema. Lilitoka limepinda, ayeeyo akamrekebisha, akalisema tena. Akasema na mengine, moja moja. Anasoma vizuri, Masha Allah. Ana sauti nzuri, Masha Allah. Akatafuta la tatu akasema ana kelele sana darasani, Masha Allah, na binti yangu akaficha uso kwa shuka.

Nilimmwagia binti yangu yale maji mgongoni na kichwani, akaruka kwa baridi. Halafu tulikula, wali ulikuwa umepoa. Mwalimu aliniuliza kwa nini siku ile ya simu niliuliza kama mtoto ako hai. Nikamweleza simu za shule kwetu ni za namna gani. Akaweka tonge chini.

"Wazazi kumi na mbili nimewapigia mpaka sasa," akasema. "Watatu walianza kulia kabla sijamaliza salamu. Nilifikiri ni furaha."

"Ukipiga," nikamwambia, "la kwanza sema mtoto ako salama. La pili, Masha Allah. Halafu sasa sema jambo lako."

Akaandika kwenye daftari, kwa mpangilio huo. Nilimsindikiza kwa miguu mpaka nyumba za walimu jua likiwa bado juu, ili watu watuone pamoja. Soko lilituona.

Dawa tuliendelea nayo mpaka chupa ikaisha. Sijui ni dawa au ni maji, na mimi simgawii Mwenyezi Mungu kazi. Homa ilishuka Ijumaa. Jumamosi alikunywa chai. Ayeeyo hakuitaja Balambala, lakini hakusema pia kwamba ameiacha. "Tutaona Jumatatu," akasema. Na mimi nilikuwa na hofu yangu nyingine sikumwambia. Mtu anaweza kunawa Alhamisi, akalala, akaamka akikumbuka nyumba ya shangazi yake iliyochomwa. Kila lori lililopita Jumapili nilichungulia kama limebeba godoro.

Jumatatu nilimfikisha binti yangu mpaka geti. Mwalimu sikumwona. Walimu wengine walikuwa wamesimama pale, yeye hakuwepo. Nikaenda sokoni na maziwa yangu, nikapima vibaya mara mbili, mteja akanigombeza.

Simu ikalia. Safari hii namba niliijua. Wanawake wakageuka. Nikaamka, nikaenda nyuma ya lori la nyasi, mbali, nikaishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "mtoto ako salama."

"Alhamdulillahi."

"Masha Allah." Akapumua, kama mtu anayefuata orodha. "Amefika darasani. Sauti ni ya chura, lakini amesimama kusoma na amekataa kukaa chini. Nilichelewa kidogo getini, nilikuwa napigia wazazi."

Nilibaki nyuma ya lori mpaka nikafuta uso wangu. Niliporudi, jirani yangu alikuwa amenishikia dumu.

"Amesema nini?"

"Amefika."

"Nani? Mtoto au mwalimu?"

"Wote wawili," nikasema, na kabla hajafungua mdomo nikamwinulia kidole. Akanielewa.

"Masha Allah," akasema, na kunipisha nikae.